Ndugu Allman: muziki uliookolewa na mkanda

Ndugu msikilizaji, juma hili nimeona tuzungumze juu ya bendi moja ya Marekani iliyovuma katika miaka ya sabini, The Allman Brothers Band, yaani bendi ya akina ndugu Allman. Kwa wale waliokuwa wakinunua santuri za ng'ambo zama zile, huenda jina hilo si geni. Kwa vijana wa leo ni jina tu.

Nimeichagua bendi hii kwa sababu moja. Kazi yake iliyo bora kuliko zote haikufanywa studio. Ilirekodiwa ukumbini, mbele ya watu, katika siku mbili za mwezi wa Machi, mwaka 1971. Miezi saba baadaye kiongozi wake alikuwa kaburini. Kama mitambo ya kurekodi isingeletwa ukumbini siku zile mbili, leo tungekuwa tunasimuliwa tu kwamba bendi ile ilikuwa kali, nasi tungelazimika kuamini maneno ya waliokuwapo.

Tuanze na muziki wenyewe. Bluzi ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Umbo lake ni jepesi. Mwimbaji hutoa mstari, huurudia, kisha huujibu kwa mstari wa tatu. Chini yake gita hutembea kwa vipimo 12, halafu duru huanza upya. Kila mstari unapokwisha, gita hupewa nafasi ya kusema neno lake. Ni mazungumzo, basi. Katika miaka ya sitini vijana wa Kizungu, kwanza Uingereza na kisha Marekani kwenyewe, waliuchukua muziki huo, wakaongeza nguvu ya umeme na kelele za ngoma. Hapo ndipo ilipozaliwa bluzi ya roki.

Duane Allman alizaliwa Nashville mwaka 1946, na mdogo wake Gregg alizaliwa mwaka uliofuata. Baba yao, aliyekuwa mwanajeshi, aliuawa kwa risasi mwishoni mwa mwaka 1949, na mtu aliyempa lifti katika gari. Mama yao aliwalea peke yake, na mwaka 1959 wakahamia Daytona Beach, Florida. Gregg ndiye aliyeanza kushika gita. Duane akamnyang'anya, na muda si muda mkubwa akawa mbele ya mdogo. Gregg akageukia kuimba na kupiga kinanda.

Mwaka 1967 wawili hao walikwenda Los Angeles na bendi iliyoitwa Hour Glass, wakapata mkataba. Kumbe mkataba nao una mitego yake. Kampuni ndiyo iliyowachagulia nyimbo za kurekodi, na albamu mbili zilizotoka hazikufanana na muziki waliokuwa wakiupiga ukumbini. Duane aliudhika akarudi kusini. Gregg alibaki nyuma kwa ajili ya mkataba ule.

Huko kusini, katika mji mdogo wa Muscle Shoals, jimbo la Alabama, Duane alipata kazi ya kupiga gita studio, akiwasindikiza waimbaji weusi waliokuja kurekodi. Mwishoni mwa mwaka 1968 alimshauri Wilson Pickett aimbe "Hey Jude", wimbo wa Beatles uliokuwa bado ukivuma wakati huo. Wenyewe walidhani anatania, lakini waliurekodi. Mwisho wa wimbo ule, Pickett anapopiga mayowe, gita la Duane linapiga mayowe pamoja naye. Eric Clapton wa Uingereza aliusikia redioni akataka kujua ni nani yule anayepiga gita. Miaka miwili baadaye wawili hao walikuwa pamoja studio huko Miami, wakirekodi albamu ya "Layla".

Duane alikuwa na mtindo wake. Alivaa kichupa cha dawa ya mafua kwenye kidole cha pete, akakitelezesha juu ya nyuzi. Kioo kile kinapoteleza, sauti haikatiki kutoka noti moja hadi nyingine. Inapanda na kushuka kama sauti ya mtu anayelia au anayeita. Wazee wa bluzi walikuwa wakifanya hivyo zamani kwa shingo ya chupa au kwa kisu. Duane aliutumia mtindo huo katika gita la umeme, akaupiga kwa kasi na usafi ambao wenzake walikuwa hawajauzoea.

Mwezi wa Machi, mwaka 1969, aliwakusanya wanamuziki sita, yeye akiwa mmoja wao, huko Jacksonville, Florida. Hapa nawaomba wasikilizaji mtege masikio, maana mpangilio wa bendi ndio ufunguo wa habari yote. Bendi nyingi za roki zilikuwa na mpiga gita la solo mmoja. Yeye aliweka wawili, Duane mwenyewe na Dickey Betts. Bendi nyingi zilikuwa na mpiga ngoma mmoja. Yeye aliweka wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Berry Oakley alishika gita la besi, na Gregg akaitwa kutoka Los Angeles aje kuimba na kupiga kinanda.

Kila aliyekuwapo alikuwa na kazi yake. Trucks alishikilia mapigo yasiyumbe, kama nguzo za nyumba. Jaimoe alikuwa mpenzi wa jazi, na kazi yake ilikuwa kuchezea katikati ya nguzo zile. Oakley hakupiga besi kwa kurudia noti zilezile. Alijibizana na magita. Nayo magita mawili yalipiga ama kwa kupokezana ama kwa pamoja, moja likiwa juu kidogo ya jingine, mithili ya waimbaji wawili wanaoimba sauti ya kwanza na ya pili. Msikilizaji aliyezoea muziki wa dansi, ambamo magita huongea kwa zamu, hatapata taabu kuuelewa mpangilio huu.

Kulikuwa na jambo jingine. Jaimoe ni mtu mweusi, na bendi ilihamia Macon, jimbo la Georgia. Kumbuka ni mwaka 1969. Dr. Martin Luther King, mzaliwa wa Georgia hiyohiyo, alikuwa ameuawa mwaka mmoja kabla. Gavana wa jimbo alikuwa Lester Maddox, bwana aliyejipatia umaarufu mwaka 1964 kwa kuwafukuza watu weusi mlangoni mwa mkahawa wake badala ya kutii sheria mpya iliyowapa haki ya kuingia. Katika nchi ya namna hiyo, vijana watano wa Kizungu wenye nywele ndefu na mweusi mmoja walikaa nyumba moja, wakasafiri gari moja na kula meza moja. Hawakuhutubia mtu. Kule kutembea kwao pamoja kulitosha.

Na ni nani aliyewalisha? Macon kulikuwa na mkahawa uitwao H&H, wa mama wawili weusi. Mmoja wao, Louise Hudson, aliona vijana sita wameagiza sahani mbili za chakula wagawane, maana hawakuwa na fedha zaidi. Akawapakulia kila mtu sahani yake, na akaendelea kuwakopesha hadi walipopata. Walipofanikiwa hawakumsahau. Walimlipa, na baadaye walimchukua katika ziara zao.

Mwenye kampuni iliyowachukua, Capricorn, alikuwa Phil Walden, ambaye kabla ya hapo alikuwa meneja wa Otis Redding. Redding, kijana wa Macon, alikufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967. Albamu ya kwanza ya bendi ilitoka Novemba 1969, na ya pili, "Idlewild South", ilitoka mwaka 1970. Hazikuuzwa kama ilivyotarajiwa. Nyimbo zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa kama picha ya chakula, maana harufu haikuwamo. Mtu aliyewaona ukumbini akinunua santuri nyumbani alijiuliza kama ni watu walewale.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Studio hutaka wimbo wa dakika tatu au nne. Saa ya studio inalipiwa. Lakini muziki wa akina Allman ulihitaji muda. Wimbo ulianza kama ulivyotungwa, kisha mmoja akatoa wazo kwa gita lake, mwingine akalidaka, wapiga ngoma wakalisukuma, na baada ya dakika 10 walikuwa mahali ambapo hakuna aliyepapanga. Uwezo huo hauji kwa kukaa chini na kuandika. Huja kwa kupiga pamoja kila siku hadi kila mmoja amjue mwenzake. Nao walipiga kweli, kwani mwaka 1970 walikuwa barabarani karibu siku 300.

Duane ndiye aliyesema basi, tujirekodi ukumbini. Walichagua Fillmore East, ukumbi wa New York uliokuwa na viti zaidi ya 2,500 na wasikilizaji waliojua kunyamaza na kusikiliza. Tarehe 12 na 13 Machi, 1971, gari lenye mitambo liliegeshwa nje. Ndani yake alikaa Tom Dowd, fundi na mtayarishaji aliyekuwa amewarekodi Ray Charles, John Coltrane na Aretha Franklin. Siku ya kwanza Dowd alishtuka kusikia wapuliza saksofoni waliokaribishwa jukwaani bila yeye kuambiwa. Akawataka waondolewe, kwa kuwa walikuwa wakiharibu kazi. Baada ya onyesho walikwenda studio usiku uleule kusikiliza mikanda, wakaamua upi umekwisha kupatikana na upi urudiwe kesho.

Matokeo yake ni "At Fillmore East", santuri mbili katika jalada moja, nyimbo saba tu. Kampuni ziliogopa. Nani atanunua santuri mbili zenye wimbo wa dakika 19 na mwingine wa zaidi ya dakika 20? Lakini ilitoka Julai 1971, kwa bei ya chini kuliko ya kawaida ya santuri mbili, na kufikia Oktoba ilikuwa imepata cheti cha dhahabu.

Nikuelekeze namna ya kuisikiliza. Anza na "In Memory of Elizabeth Reed", wimbo wa Betts usio na maneno. Elizabeth Reed hakuwa mpenzi wa mtu yeyote katika bendi. Ni jina Betts alilolisoma kwenye kaburi katika makaburi ya Rose Hill, Macon, akalitumia ili kuficha jina la mwanamke aliyemkusudia. Gita linaingia polepole, sauti ikifunguliwa kidogo kidogo hata unaweza kudhani ni fidla. Kisha magita mawili yanashika njia moja. Betts anapiga peke yake, anapokewa na kinanda cha Gregg, halafu anaingia Duane. Msikilize Duane anavyoanza kwa utulivu, anavyopanda ngazi moja baada ya nyingine, na wapiga ngoma wanavyopanda pamoja naye. Dakika 13 zinakwisha hujazihesabu.

Kisha geukia "Whipping Post", nguzo ya kuchapiwa viboko. Gregg alisimulia kwamba aliitunga usiku katika nyumba aliyofikia. Palikuwa na mtoto amelala, hivyo hakuweza kuwasha taa kutafuta kalamu, akaandika kwa masizi ya njiti za kiberiti juu ya kitambaa cha meza ya kupigia pasi. Sehemu ya mwanzo ina mapigo 11 badala ya 12. Hesabu tatu, tatu, tatu, kisha mbili. Pigo moja limepunguzwa, na ndiyo maana unahisi kama mtu anasukumwa kabla hajaweka mguu chini. Gregg mwenyewe hakujua kwamba ametunga wimbo wa hesabu hiyo mpaka kaka yake alipomwambia.

Sasa kuna swali ambalo mtu mwenye haki lazima aulize. Nyimbo za bluzi zilizomo humo ni za nani? Santuri inafunguliwa na "Statesboro Blues". Huo ni wimbo wa Blind Willie McTell, kipofu mweusi wa Georgia, aliyeurekodi mwaka 1928. McTell alikufa mwaka 1959, miaka michache tu kabla ya vijana wa Kizungu kuanza kuwatafuta wazee wa bluzi na kuwapandisha katika majukwaa makubwa. "Stormy Monday" ni ya T-Bone Walker, na "You Don't Love Me" ni ya Willie Cobbs. Elmore James, ambaye wimbo wake mmoja umo pia, alikufa mwaka 1963. Watu hao walipanda shamba, na mavuno makubwa yakaja wakati wengine wao hawapo.

Sisemi haya ili kuwavunjia heshima akina Allman. Tofauti na baadhi ya bendi za wakati ule, wao hawakubandika majina yao juu ya kazi ya wazee hao. Wala hawakuwaiga neno kwa neno. Walichukua mazungumzo yale ya mwimbaji na gita lake, wakayafanya kuwa mazungumzo ya watu sita. Hata hivyo, ukiipenda santuri hii, mtafute pia McTell. Anapiga peke yake, gita moja la nyuzi 12, na utashangaa jinsi mtu mmoja anavyoweza kujaza chumba.

Turudi kwenye habari yetu. Mafanikio yaliingia mlango mmoja na maradhi mlango mwingine. Heroini ilikuwa imeingia katika bendi, na Oktoba ileile ya cheti cha dhahabu baadhi yao walikwenda kutafuta matibabu. Tarehe 29 Oktoba, 1971, Duane alikuwa akiendesha pikipiki yake katika mji wa Macon, akakutana na lori lenye winchi kwenye njia panda. Alifariki siku hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka 24. Katika mazishi wenzake walipanga vyombo nyuma ya jeneza, wakapiga.

Msiba haukuishia hapo. Tarehe 11 Novemba, 1972, Berry Oakley naye alipata ajali ya pikipiki, aligongana na basi, mitaa michache tu kutoka pale alipoangukia Duane. Alikataa kwenda hospitali, akarudi nyumbani. Saa chache baadaye alikufa kwa jeraha la kichwa. Naye alikuwa na miaka 24. Wamezikwa bega kwa bega Rose Hill, makaburi yaleyale yenye jina la Elizabeth Reed.

Bendi haikufa. Mwaka 1973 walitoa "Brothers and Sisters", iliyokaa kileleni mwa orodha ya Marekani kwa majuma matano. Julai mwaka huo walipiga Watkins Glen, jimbo la New York, mbele ya umati uliokisiwa kuwa watu 600,000. Mpiga besi mpya alikuwa Lamar Williams, kijana mweusi aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Mwaka 1975 walipiga kumchangia fedha Jimmy Carter, gavana wa zamani wa Georgia, katika kampeni yake ya urais. Kwa fedha na majina, hapo ndipo walipokuwa juu kabisa.

Lakini undugu ulikuwa umelegea. Mwaka 1976 Gregg alitoa ushahidi mahakamani dhidi ya msaidizi wake wa ziara katika kesi ya dawa za kulevya, na yule bwana akahukumiwa kifungo cha miaka 75, hukumu ambayo baadaye ilitenguliwa. Wenzake waliapa hawatapiga naye tena. Bendi ikavunjika, ikarudi, ikavunjika tena mwaka 1982, ikarudi mwaka 1989. Mwaka 2000 Betts mwenyewe aliondolewa. Onyesho la mwisho lilifanyika New York tarehe 28 Oktoba, 2014, nalo lilivuka saa sita ya usiku, likaisha tarehe 29, siku aliyokufa Duane. Trucks na Gregg walifariki mwaka 2017, na Betts mwaka 2024. Katika wale sita wa Machi 1969 amebaki Jaimoe peke yake.

Miaka yote hiyo walipata wapiga gita hodari. Hakuna anayekataa. Lakini kila aliyeingia alipimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni zile siku mbili za Fillmore East. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka santuri hiyo mwaka 2004 katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa milele kwa ajili ya taifa.

Ndugu msikilizaji, muziki wa kutungwa papo hapo una udhaifu mmoja. Wimbo ulioandikwa unaweza kuimbwa na mwingine baada ya mtunzi kufa. Lakini lile jibu Duane alilompa Betts usiku ule wa Machi halikuandikwa popote, na hata yeye mwenyewe asingeweza kulirudia kesho yake. Lilidumu sekunde chache, likapita. Tunalo leo kwa sababu watu fulani waliona thamani yake wangali hai, wakaleta gari la mitambo, wakamweka ndani yake fundi anayejua kusikiliza, na wakakubali kutoa wimbo wa dakika 20 wakati soko lilikuwa likidai dakika tatu. Gharama ile ingeweza kuahirishwa hadi mwakani. Mwakani Duane asingekuwapo.

Hadi juma lijalo, nawatakia usikilizaji mwema.